Mama wa Labo na Wezi wa Matofali

Sogea karibu kidogo, wewe unayenisikiliza, maana nitasema polepole na sitapandisha sauti. Nataka kukueleza habari za mama mmoja niliyemfahamu kwa miaka kumi na mitatu. Jina lake sitalitaja. Sisi sote tuliopanga foleni mbele ya dirisha lake tulimwita Mama wa Labo, kwa kuwa alifanya kazi katika maabara ya hospitali, na hapa Lubumbashi maabara tunaiita labo. Alizaliwa wapi, baba yake alikuwa nani, sijui. Sikuwahi kumwuliza, naye hakupenda kuulizwa.

Kwanza uielewe kazi yake, la sivyo hutamwelewa mwenyewe. Ukijikata kidole, damu hutoka, kisha hukoma. Hukoma kwa sababu mwili hujenga donge mahali palipotoboka. Lakini mwili huohuo una kazi ya pili: baada ya muda huanza kuliyeyusha lile donge, ili mshipa usibaki umeziba. Kwa watu wengi kazi hizi mbili hupokezana vizuri. Kwa mtu ambaye damu yake inachelewa kuganda, donge huja limechelewa, tena dhaifu, na walioagizwa kuliyeyusha hufika kabla halijashika. Ipo dawa inayowazuia hao. Jina lake la Kifaransa ni acide tranexamique, na huja kama vidonge vyeupe au maji ndani ya vichupa vidogo vya kioo. Daktari mmoja wa pale hospitalini alikuwa akifanya utafiti juu ya familia zinazotokwa damu ovyo, na Mama wa Labo ndiye aliyempimia damu na kumwandikia jinsi kila mgonjwa alivyoipokea dawa hiyo.

Yeye mwenyewe hakueleza hivyo. Alieleza kwa matofali.

"Munaikala wapi?" aliniuliza siku ya kwanza.

"Ku Ruashi, Mama."

"Munajenga?"

"Tunajenga. Tunafika ku madirisha."

"Basi unajua. Unapanga matofali, simenti haiyakauka, bezi banakuya kuiba, banatosha moja-moja. Ukirudia, ukuta hauko. Sasa hii dawa, sikia muzuri, haitengeneze tofali hata moja. Mutu akikuambia inatengeneza, anakudanganya. Iko santineli, mulinzi. Inakamata bezi mikono mupaka simenti inakauka. Matofali yako ikiwa kiloko, kidogo tu, unalinda ile kiloko."

Miye ni mwalimu wa shule ya msingi. Nimewafundisha watoto wengi kwa maneno mengi, lakini somo fupi kama lile sijawahi kulitoa.

Tulikutana kwa sababu ya kosa langu, nami nitalieleza bila kulipamba. Binti yangu Numbi alikuwa na miaka saba. Jino lake la nyuma lilioza, tukampeleka kung'olewa katika kituo kidogo karibu na nyumbani. Hakuna aliyetuuliza kitu, nami sikusema kitu, ingawa nilijua pua yake ilizoea kutoka damu mpaka mto ukalowa. Nilidhani ni joto. Tuliporudi nyumbani nikafanya alichonifanyia mama yangu, na alichofanyiwa mama yangu na mama yake: nikachemsha maji, nikatia chumvi, nikayaacha yapoe kidogo, nikampa asukutue. Kwetu jino likitoka, kinywa huoshwa kwa maji ya moto ya chumvi mpaka maji yatoke meupe. Ndiyo desturi, na mama asiyeifuata huitwa mvivu.

Maji yalitoka mekundu. Nikampa tena, yakatoka mekundu. Nikazidisha chumvi. Kila alipotema, kitu cheusi kama kipande cha ini kilitoka pamoja na maji, nami nilifurahi. Nilijiambia kwamba uchafu unatoka.

Siku ya pili midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Hospitalini walimwongezea damu ya mtu mwingine. Nilikaa kwenye benchi la korido na sikulia. Nakumbuka nilikuwa bado nimeshika kikombe changu cha plastiki chenye chumvi chini, nikitafuta mtu wa kuniambia wapi nitapata maji ya moto.

Mlango wa labo ukafunguka, akatoka mama mfupi, mnene kidogo, amevaa blauzi nyeupe ya mikono mirefu iliyofungwa vifungo mpaka kwenye vifundo vya mikono. Akakitazama kikombe, akakinusa.

"Njo weye ulimupa maji ya chumvi?"

"Njo miye, Mama."

"Mara ngapi?"

"Mingi. Mupaka itoke safi."

"Ile kintu nyeusi yenye ilikuwa inatoka, ulizania nini?"

"Buchafu."

"Haikuwa buchafu. Ilikuwa ukuta. Mutoto anajenga, weye unabomoa. Anajenga, unabomoa." Alisema bila ukali, kama mtu anayesoma majibu ya vipimo. Kisha akaketi kando yangu, akakichukua kikombe mkononi mwangu, akamwaga chumvi kwenye kiroba cha takataka. "Sasa tutaacha kubomoa. Kuya nikuonyeshe."

Akaponda kidonge kati ya vijiko viwili, akakiyeyusha katika maji kidogo ya baridi yaliyochemshwa jana yake. Numbi aliyashika maji yale kinywani bila kuyasukasuka, huku Mama wa Labo akimwimbia ubeti mmoja wa wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini. Ubeti ukiisha, anameza. Ndivyo alivyopima muda kwa watoto; alisema saa inawatisha, wimbo hauwatishi. Halafu kitambaa cha dawa kikalowekwa na kuwekwa pale jino lilipotoka, Numbi akaambiwa aume. Tulifanya hivyo siku kadhaa kwa kipimo cha daktari. Donge jeusi likakaa mahali pake. Nilikatazwa kuligusa na sikuligusa. Nililitazama kwa tochi asubuhi na jioni, kama mtu anayechungulia yai chini ya kuku.

Numbi alipona. Ilionekana kwamba ni mmoja wa wale ambao damu yao huchelewa, na atakuwa hivyo maisha yake yote. Niliambiwa habari hiyo nikaitikia kwa kichwa, kama ninavyoitikia nikitangaziwa siku ya mkutano wa wazazi. Kuna mambo yakinipata mwili wangu huyaweka kando kwanza. Sijui kama baadaye huwa ninarudi kuyachukua.

Tangu hapo tukawa watu wa foleni yake. Nikawa nakwenda hata siku ambazo Numbi hakuwa na shida, nikiwaelekeza mama wapya jinsi ya kuponda kidonge. Ndipo nilipomjua.

Alikuwa na chai yake ndani ya chupa ya siropu, tamu kupita kiasi, bila maziwa. Alikunywa amesimama. Alichukia kushukuriwa. Ukimwambia "aksanti, Mama", alijibu, "Aksanti ya nini, nilizala mutoto?" Mtu mmoja alimletea kuku, akamwambia, "Kuku ni ya mugonjwa. Miye niko mugonjwa?" Akamrudisha mtu na kuku wake. Kwa madaktari alikuwa mkali. Daktari kijana alipotuma karatasi iliyoandikwa "anatoka damu kidogo", alimfuata mpaka wodini mbele ya wagonjwa.

"Docta, kidogo njo nini? Kijiko ao kikombe?"

"Mama, nilikuwa na haraka."

"Damu pia iko na haraka."

Lakini kwa wanawake wauzaji wa sokoni alikuwa mpole kama hariri. Wengi walikuja wakisema kichwa kinauma, mwili umechoka, na wakiisha kutazama mlangoni waliposimama waume zao, walinyamaza. Yeye aliwafukuza waume wote kwenye chumba, hata yule aliyelipa teksi, akafunga mlango, akauliza kwa utaratibu: damu ya mwezi inachukua siku ngapi, unabadilisha kitambaa mara ngapi, unaamka na shuka limelowa? Baadhi walikuwa wameteseka miaka ishirini wakidhani kila mwanamke yuko hivyo. Mmoja akaanza kuomba msamaha kwa kusema maneno hayo. Mama wa Labo akamkatiza.

"Damu haina haya. Mwenye damu njo eko na haya. Kama hausemi, miye nitajuaje? Kipimo haina mudomo."

Sentensi hiyo nimeisikia mara nyingi kuliko sala ya Baba Yetu. Kila mtu mpya aliyeingia aliambiwa: sema kwanza. Kabla ya kukatwa, kabla ya kuzaa, kabla ya kung'oa jino, sema.

Hakuwapa dawa wote walioitaka, na hilo liliwaudhi watu. Siku moja alikuja baba kutoka Kasomeno, amesafiri na vumbi la njia yote hiyo, akitaka vidonge kwa ajili ya kijana wake mkubwa aliyekuwa akikojoa damu. Alikuwa amesikia kwamba hapa kuna mama mwenye vidonge vya kukomesha damu. Mama wa Labo akakataa.

"Mama, weye uko na roho mubaya! Minatoka kule yote, na dawa iko pale, minaiona mu kabati!"

"Unaiona, ndiyo. Sikupe."

"Juu ya nini? Sababu gani?"

"Mukojo inapita mu kijia kidogo. Damu ikikauka mule ndani, na santineli akalinda ile donge, kijia inafungwa. Mutoto atashindwa kukojoa. Utarudi hapa unalia. Enda kwa docta kwanza, miye nakupeleka."

Yule baba alimtukana vibaya. Mama wa Labo akamwachia amalize, akamshika mkono, akampeleka kwa daktari kama mtu anayempeleka kipofu. Aliporudi nilimwuliza kama hakuumia. Akasema matusi hayaandikwi kwenye kaye.

Kaye ndilo daftari lake la shule, lenye jalada la buluu, alimowaandikia watu wa utafiti. Hapakuwa na majina humo, namba tu. Daktari alitaka iwe hivyo ili siri za watu zisitembee. Numbi wangu alikuwa namba kumi na tisa. Kwa kuwa nilimsaidia kupiga mistari ya kalamu na rula, niliona kurasa zote. Namba moja alikuwa mwanamke, na mbele yake paliandikwa tu: damu inachelewa sana, hajawahi kupewa dawa.

"Huyu wa kwanza alienda wapi, Mama?"

"Alihama," alijibu, akageuza ukurasa.

Kulikuwa na jambo jingine alilofanya kwa familia mpya ambazo hazikuamini habari ya matofali. Alichukua mirija miwili ya kioo, akafunga mpira kwenye mkono wake mwenyewe, akajichoma sindano akiwa amegeukia ukuta, akaitia damu yake katika mirija yote miwili. Katika mmoja aliongeza tone la dawa yetu. Akaiweka katika maji ya vuguvugu, tukasubiri igande. Kisha alitia katika yote miwili tone la dawa nyingine, ile ya kuyeyusha madonge, ambayo hutumika kwa wagonjwa wa moyo. Baada ya muda aliinua mirija. Katika mmoja damu ilitiririka tena kama maji. Katika ule wenye santineli, donge lilikuwa limekaa chini, halitikisiki. Hakuna baba aliyebisha baada ya kuona hayo.

Tulipokuwa tukisubiri damu igande, alipiga hadithi. Za wakuu wake wa kazi wa zamani, za jirani aliyefuga bata ndani ya choo, za kwaya iliyogombana juu ya kitambaa cha sare. Hadithi zilikuwa ndefu. Tulicheka. Hata siku moja sikujiuliza kwa nini tulisubiri muda mrefu hivyo, ingawa nilishaona damu ya watu wengine ikiganda pale pale mezani kabla hata hajamaliza kuandika namba. Blauzi yake ya mikono mirefu aliivaa hata mwezi wa kumi, wakati joto la Lubumbashi linapowafanya watu watafute kivuli cha nguzo. Hilo pia niliona na sikuuliza. Miye mwalimu, ninayewaambia watoto waulize.

Alikuwa mtu wa kanisa lakini hakukomunika, yaani hakupokea Ekaristi, kwa miaka mingi, na alipoulizwa na padre alisema tumbo lake halijisikii vizuri siku za Jumapili. Alifundisha watu kula vizuri, naye alikula bukari, ugali wa hapa kwetu, kwa chumvi tu, tena kwa upande mmoja wa mdomo. Nilidhani ni mazoea. Hakuolewa. Watoto wote wa foleni walimwita Kambo, yaani bibi, na alijifanya kukasirika.

Alipostaafu alikwenda kukaa kwa binti wa dada yake, upande wa Karavia, na kaye likabaki kwa daktari. Nilimtembelea mara mbili, halafu shule ikanimeza, nikaacha. Sina sababu nzuri zaidi ya hiyo.

Sasa nifike kwenye siku niliyotaka kukueleza tangu mwanzo.

Numbi alikuwa na miaka ishirini na jino jingine limeoza. Tulikwenda kwa daktari wa meno mjini, asubuhi, vidonge tayari kwenye mkoba wake, barua ya daktari wa utafiti tayari mkononi. Kwenye benchi la kungojea alikuwa ameketi mama mzee, shavu limevimba kama aliyeficha embe ndani, kitenge kimefungwa chini ya kidevu. Tulimtambua kwa blauzi. Numbi akampigia magoti.

"Kambo!"

"Ah, namba kumi na tisa," akasema kwa nusu ya mdomo. "Umekuwa murefu bule."

Tukakaa pamoja. Alisema jino hilo limemsumbua miaka minane. Miaka minane! Nilitaka kumtania, lakini muuguzi akatoka na karatasi, akaanza kuwauliza waliokuwa kwenye foleni. Alianza na Numbi.

"Damu yako inachelewa kukauka? Ulishakatoka damu mingi?"

"Ndiyo," Numbi akasema kwa sauti ambayo korido nzima iliisikia. "Inachelewa. Barua iko hapa. Dawa iko hapa. Nitaianza mbele ya kung'oa jino, vile docta aliandika."

Muuguzi akaandika. Akamgeukia mama mzee.

"Na weye, Mama? Damu?"

"Hapana," akasema Mama wa Labo.

Lilitoka haraka, laini, kama neno lililokwisha kutumika sana. Muuguzi akaweka alama. Na hapo, bila mimi kutafuta, yakanijia yote pamoja: mirija, hadithi za bata na kwaya, mikono mirefu ya mwezi wa kumi, bukari upande mmoja, namba moja aliyehama. Sikushtuka. Nilikuwa kama siku ile ya kikombe, macho yanatazama sakafu. Alikuwa karibu kuingia mle ndani, na kama angeingia hivyo, asingetoka salama.

"Mama," nikamwambia polepole. "Sema."

"Kaa kimya, Mama Numbi."

"Mama, namba moja alihamia wapi?"

Akakaza kitenge chini ya kidevu chake. Muuguzi alishafika kwa mtu wa tatu. Numbi akasimama, akamgusa bega.

"Dada, rudia hapa. Huyu mama, andika sawa na miye. Vilevile. Usibadilishe kintu."

Muuguzi akamtazama mzee. "Mama, ni kweli? Njo weye unapashwa kusema."

Halafu Mama wa Labo akafungua kifungo cha mkono wa blauzi, akaukunja mpaka kwenye kiwiko. Katika miaka yote ile sikuwa nimeuona mkono ule ukiwa wazi hivyo. Ulikuwa na madoa meusi na ya kijani, mapya juu ya ya zamani, kama ramani.

"Ndiyo," akasema. "Inachelewa. Tangu kuzaliwa."

Hawakumng'oa siku ile. Walimtuma kwa daktari wetu kwanza, apimwe, apewe dawa, arudi juma lililofuata. Numbi aling'olewa, akauma kitambaa chake, akapona. Tulipokuwa tukingoja teksi, mzee alinieleza bila kunitazama. Alipoomba kazi ya labo, akiwa msichana, aliwaambia ukweli, wakamjibu kwamba mwenye damu mbaya hatashika damu za watu. Akaenda kuomba mahali pengine, akasema hapana, wakamchukua.

"Nilisema hapana siku moja," alisema. "Tangu ile siku, kila mutu akiniuliza, ile hapana njo inajibu. Miye hata siyakafungua mudomo." Akachungulia kama teksi inakuja. "Nilitaka ile dawa. Niliiona kila siku mu kabati. Lakini ku karatasi ya dawa ningeandika jina ya nani?"

Nilimshika mkono ule uliokuwa wazi, kwa uangalifu, nisiongeze doa.

Juma lililofuata nilikwenda naye. Jino lilitoka. Tulipofika kwa binti wa dada yake, tulikuta maji ya chumvi yanatoa moshi mezani. Yule binti aliyatayarisha kwa mapenzi, kama nilivyofanya miye zamani. Nikayamwaga nje. Nikaponda kidonge kati ya vijiko viwili. Mama wa Labo akashika maji kinywani, akanitazama akisubiri, nami nikaelewa anasubiri nini. Nikaimba ubeti. Sina sauti. Ulipoisha, akameza.

Yuko hai. Damu yake bado inachelewa, na ile ya Numbi pia, na huenda pia ya mtu wa nyumbani kwako ambaye pua yake hutoka damu ukadhani ni joto. Kwa hiyo fanya hivi. Ukienda kung'oa jino, hata usipoulizwa, mwambie daktari kabla hajashika koleo jinsi damu yako inavyokoma. Ukirudi nyumbani, uma kitambaa, na siku ile yote usisukutue.